Siku Sita Peko Alizokaa kwa Palaga

Mitro alirudi kutoka karamu ya wanaume akiwa na mungu begani na damu kiganjani, na mama yake, badala ya kumpa pongezi, alimwambia avue viatu kwanza.

"Sakafu nimeisugua leo," alisema Palaga. "Mungu au si mungu, matope ni matope."

Mitro akacheka. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mrefu kama marehemu baba yake, na tangu msiba wa majira ya baridi yaliyopita alikuwa hacheki ovyo. Nyuma yake uani walisimama wanaume wanane wakinuka bia, na mbele yao Mzee Vassil, mkubwa wao, ameshika mshumaa uliozimwa na upepo.

"Mama Mitro, mwanao karuka ua kama mbuzi aliyeona kabichi," alisema Vassil. "Mimi sijainua hata mguu, yeye tayari anavuja."

"Kuvuja ndiyo kazi yake. Hata mkate akikata anavuja. Mpelekeni ghalani huyo mgeni wenu kabla kuku hawajamwona."

Mgeni alikuwa Peko, mungu wa nafaka. Alikuwa wa nta, kimo cha mtoto wa miaka mitatu, na uso wake ulikuwa umelainika kwa kushikwa na mikono ya watu waliokwisha kufa. Nyumba tisa za kijiji kile cha Setomaa, kusini-mashariki mwa Estonia, zilimtunza kwa zamu, mwaka kwa kila nyumba, na zamu haikupangwa na mtu. Kila mwaka, kabla ya kupanda, wanaume walikwenda kwa aliyekuwa mlinzi, kila mmoja na mkate wake na jibini yake, wakala wakiwa wamempa Peko mgongo, wakamwomba awachungie ng'ombe na kuwalindia mashamba. Kisha walitoka wakaruka ua wa shamba wote kwa pamoja, wakisukumana na kukanyagana. Wa kwanza kutoka damu ndiye aliyeondoka na mungu. Damu huchagua, binadamu hachagui. Hilo hata mtoto alilijua. Jumapili watu walewale walikwenda kanisani kumwashia mishumaa Mtakatifu Georgi, na padri, ambaye hakuwa mjinga, hakuwahi kuuliza nta yote ya kijiji ilikuwa inakwenda wapi.

Mlinzi alikuwa na sharti moja zito. Mwaka mzima hakuruhusiwa kulala nje ya kwake hata usiku mmoja. Akilala kwingine, Peko hupata baridi, na Peko akipata baridi, mbegu za nyumba zote tisa huoza ardhini.

Ndani ya ghala Mitro alifukua kwa mikono kasha kubwa la rai, nafaka ya mkate mweusi, akamsimamisha Peko humo, akamfukia mpaka shingoni. Palaga alisimama mlangoni, kwa kuwa wanawake hawakumgusa. Wanaume walipokwisha kuondoka, alifunga mlango wa ghala na kumgeukia mwanawe.

"Kwa hiyo Tallinn basi."

"Basi kwa mwaka huu. Mlinzi halali nje."

"Najua mlinzi halali nje. Baba yako alikuwa mlinzi mara mbili. Binamu yangu amekutafutia nafasi kiwanda cha mbao huko mjini, unaondoka wiki ijayo, mashati nimekushonea mawili. Unadhani nafasi itakungoja mwaka mzima?"

"Atapewa mwingine."

"Unasema kama mtu aliyepoteza kifungo."

"Mama, damu imechagua. Nifanyeje, niirudishe ndani?"

Palaga alilipiga komeo la ghala kwa kiganja.

Lakini hasira yake ilikuwa na mzizi mwingine. Palaga alikuwa anapofuka. Mtoto wa jicho alikuwa amempata kama alivyompata mama yake, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto. Aliweza kupambanua mchana na usiku, ng'ombe na farasi, mlango na dirisha. Sindano hakuiona tena; mashati yale mawili aliyashona kwa kupapasa, na uso wa mtu aliyekaa ng'ambo ya meza ulikuwa doa lenye rangi ya unga. Hakumwambia mtu. Shemeji yake Ostap, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa na shamba lililopakana na lake, na Palaga aliamini kwamba siku Ostap atakapojua, kesho yake atang'oa kigingi cha mpaka na kumkaribisha akae jikoni kwake kama paka mzee. Tena kulikuwa na Mitro. Mitro akijua, hatakwenda popote. Atabaki palepale akimshika mama yake mkono kumpeleka chooni mpaka yeye mwenyewe aote mvi. Kwa hiyo ilibidi aondoke kabla hajagundua, apate kazi, apate maisha. Palaga hakuliita jambo hilo upendo. Aliliita akili.

Siku tano zilizofuata Mitro alifanya kazi kama aliyepewa zawadi. Alitengeneza zizi, akapasua kuni za miezi mitatu, akawa anapiga mluzi. Jioni alikwenda ghalani na mshumaa, akakaa kidogo na mungu wake, akarudi kula.

"Itabidi univumilie mwaka mzima, mama," alisema siku moja huku akimpakulia supu ya kabichi.

"Nimekuvumilia ishirini na mmoja. Kaa chini ule."

Siku ya sita Palaga alifua. Alikuwa anapindua mfuko wa suruali ile ya siku ya karamu atoe makombo, vidole vyake vikakuta kitu kigumu ndani ya kitambaa. Alikifungua. Ulikuwa msumari wa kwato za farasi, kichwa chake kimezungushiwa uzi ili ushikike vizuri katikati ya vidole. Kitambaa kilikuwa kimekauka na kukakamaa. Alikipeleka puani, akajua ni damu.

Hakuhitaji macho kuelewa. Damu haikumchagua Mitro. Mitro alikuwa amejichagua.

Alimwita kutoka shambani, akaweka msumari juu ya benchi.

"Hiki ni nini?"

Mitro alipangusa udongo mikononi. Kisha alisema, "Mama, niachie hili moja. Usiniulize."

"Umejichoma mwenyewe."

"Ndiyo."

"Mwanaume mzima unajichoma na msumari ili usipande treni. Unaiogopa Tallinn."

"Haya, sema hivyo."

"Nasema hivyo. Baba yako alikuwa na mapafu mabovu, hakuwa na jingine bovu. Wewe sijui umemrithi nani. Nyumba tisa zinapanda wiki hii, zinamtegemea mungu uliyemleta kwa ulaghai."

"Ni mwaka mmoja tu, mama. Peko ni nta, nta haina haraka. Nakuomba."

Mitro hakuwa na desturi ya kuomba. Baadaye Palaga angelikumbuka neno lile, na namna sauti ilivyoshuka. Siku ile alisikia woga tu, na woga alikuwa hauvumilii, kwa mtoto wala kwa mbwa. Alijitanda shali, akachukua msumari, akaelekea kwa Vassil.

Mitro hakumzuia. Alimfuata hatua chache nyuma, kimya, njia nzima. Palaga alidhani anatafuta nafasi ya kumbembeleza tena. Walipofika kijito, Mitro alisema, "Ubao umelegea upande wa kushoto."

"Nauona," alisema Palaga, ambaye hakuwa anauona, akakanyaga kulia.

Mzee Vassil aliuzungusha msumari mezani kwa kidole. Ostap naye alikuwepo, alikuwa amekuja kuazima jembe la farasi, akajivuta karibu atazame.

"Kijana," alisema Vassil, "umemdanganya nani? Sisi, au yeye?"

"Nyinyi. Yeye hadanganyiki."

"Kwa nini?"

Mitro alimtazama mama yake. Palaga aliliona doa la uso wake likigeuka upande wake na kubaki hapo, akalisubiri jibu kama watu wengine.

"Nilitaka kukaa nyumbani," alisema Mitro.

"Kanyonye basi," alisema Ostap, akacheka peke yake.

Vassil hakucheka. Alisema kwamba jambo kama hilo halikuwahi kutokea tangu enzi za babu yake, na kwa hiyo adhabu yake hakuna anayeijua, ila itabidi wabuni. Wakabuni: Peko ataondoka leo hiihii, na nyumba ya Palaga itakaa nje ya udugu miaka mitatu. Hakuna kula nao, hakuna kuruka ua, hakuna nta ya nyumba hiyo kuongezwa kwenye mwili wa mungu. Palaga alikubali adhabu kabla mwanawe hajafungua mdomo. Alasiri wanaume walikuja na mkokoteni, wakamtoa Peko kwenye rai, wakamfunika ngozi ya kondoo, wakaenda kuruka upya. Safari hiyo damu ilimchagua Ostap, aliyeangukia pua.

Mitro aliondoka siku ileile aliyokuwa amepangiwa tangu awali. Palaga alimpa mkate na nyama ya nguruwe iliyokaushwa na yale mashati mawili. Stesheni hakwenda, alisema ng'ombe yuko karibu kuzaa. Ukweli ni kwamba angefika, kurudi peke yake asingeweza.

"Kama kuna kitu, Nasto yuko hapo ng'ambo," Mitro alisema mlangoni. Nasto alikuwa jirani yao.

"Kitu gani? Nenda, utachelewa."

Akaenda.

Majira ya joto yalipita vizuri, na hilo lilimthibitishia Palaga kwamba alifanya sawa. Rai ilirefuka mpaka kifuani. Mitro aliandika mara moja, barua fupi: yuko salama, analala kwenye bweni la wafanyakazi, kazi ni ngumu lakini haimshindi. Mwalimu wa shule alimsomea. Palaga alisema vyema, na hakutuma jibu, kwa sababu hakuona la kujibu pale ambapo mtu hakuuliza kitu.

Matatizo yalianza na mvua za vuli. Asubuhi moja alitoka mlangoni na mguu wake ukakosa ngazi. Alianguka chini kwa goti na mkono, akakaa pale kwenye matope akiwa na hasira, maana ngazi zile alizishuka miaka thelathini. Alizipapasa. Kingo zake zilikuwa na kitu kama unga laini uliobakia kwenye nyufa. Chokaa. Mtu alikuwa akipaka chokaa kingo za ngazi, na sasa mvua ilikuwa imeiosha na hakuna aliyepaka tena.

Alikumbuka kwamba kwa miezi mingi ngazi zile zilikuwa zikimjia zenyewe, mistari myeupe, moja, mbili, tatu. Alikuwa amejisifu moyoni kwamba miguu yake ina akili.

Baada ya hapo akaanza kuvipata vitu kimoja kimoja. Kamba iliyotoka nyumbani mpaka zizini, ambayo Mitro alisema ni ya kuanikia nguo. Nani anaanika nguo kwenye kamba inayofika kiunoni? Kengele ndogo shingoni mwa mbwa, ambayo Mitro alisema ni ya kumzuia asipotee, mbwa ambaye hajawahi kuvuka lango. Kisu cha mkate, ambacho zamani kilikuwa kila siku ndoanoni pake na sasa hakionekani, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akikiacha popote, na aliyekuwa akikirudisha hayupo. Alikuwa akidhani anapambana na giza peke yake na kulishinda.

Novemba Nasto alikuja kumsaidia kuchinja nguruwe. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mdomo usiofungwa hata na baridi. Palaga alimpeleka ghalani kuchukua shayiri ya kujazia soseji, akafunua kasha, na kidole gumba chake kikapita kwenye ukingo wa kifuniko. Alama mbili zilizokatwa kwa kisu. Aligusa kasha la rai: alama moja. Kasha la mbegu za kitani: alama tatu.

"Nasto," alisema, "alama hizi zimekatwa lini?"

"Majira ya baridi yaliyopita, sijui. Alizikata Mitro." Nasto alinyamaza, jambo la ajabu kwake. Kisha akasema, "Kwani hukujua?"

"Nijue nini?"

"Ee Mungu wangu. Mama Mitro, mimi niliapishwa."

"Basi vunja kiapo. Umeshakipasua katikati."

Nasto aliketi juu ya kasha, akafuta mikono kwenye aproni. "Alikuja kwangu mara tu baada ya kumzika baba yake. Akaniuliza bibi yake, mama yako wewe, alichukua muda gani mpaka giza likamfunika kabisa. Nikamwambia miaka mitatu, minne. Akahesabu kwa vidole. Nikamwambia mwanangu, zungumza na mama yako, mficha ugonjwa kifo humuumbua. Akasema, shangazi, mama akijua kwamba najua, atanifukuza siku hiyohiyo. Atanifungia mzigo mwenyewe."

Palaga alisimama na kidole kwenye alama mbili za shayiri.

"Akasema anahitaji sababu," Nasto aliendelea. "Sababu ambayo hata wewe huwezi kubishana nayo. Sikujua ni ipi mpaka niliposikia habari za msumari. Nikataka kuja kukuambia, lakini ulikuwa umeshakwenda kwa Vassil, na wewe ukishakwenda mahali, nani atakurudisha?"

"Hakuna," alisema Palaga.

Wakaenda kumalizia soseji, na Nasto alizungumza juu ya mambo mengine mpaka jioni.

Hiyo ilikuwa Novemba. Kutoka nyumbani kwa Palaga mpaka shuleni ni mwendo wa dakika kumi, na mwalimu angeandika barua bila kuuliza maswali. Palaga alijiambia atakwenda baada ya kumaliza nguruwe. Halafu theluji ilikuwa nyingi. Halafu Krismasi ilikuwa karibu, na mtu hasumbui watu Krismasi. Ukweli aliujua vizuri, maana hakuwa mtu wa kujidanganya kwa muda mrefu: ili kumwita Mitro, ilibidi aseme kwa mdomo wake, mbele ya mtu, kwamba haoni na kwamba alikosea. Kila moja peke yake angeimudu. Zote mbili kwa pamoja zilimshinda. Mfungo wa Pasaka ulikuja ukapita. Aliungua mkono kwenye jiko mara mbili.

Wanaume walipokusanyika tena, safari hii kwa Ostap, Palaga alichukua fimbo akaufuata ua mpaka akasikia sauti zao. Wanane walikuwa wamekaa kwa duara wakitafuna, na ghala la Ostap lilikuwa wazi nyuma yao. Alisimama upande wa pili wa ua.

"Mama Mitro," alisema Vassil, "unajua hapa wanawake hawaji."

"Sikuja kwake. Nimekuja kwenu. Mpeni mgongo kama mnavyompa, mnisikilize."

Mtu mmoja aliguna. Hakuna aliyemfukuza.

"Mimi sioni," alisema Palaga. "Nimeanza kupofuka huu mwaka wa tatu. Mitro alijua, akataka kubaki aniangalie, na akajua sitakubali. Ndiyo maana alijichoma. Angeweza kuwaambia siku ile kwa Vassil, akanyamaza, ili Ostap asijue na kulitaka shamba langu. Mimi niliyemshitaki ndiye niliyekuwa nafichiwa siri. Nimemaliza. Shamba Ostap alichukue akitaka, lakini adhabu mwondoleeni."

Mtu aliacha kutafuna. Kisha Ostap akasema, taratibu, kama anayemwonea mtu haya:

"Shemeji, hiyo ndiyo habari?"

"Huijui?"

"Tangu Krismasi ya mwaka juzi unanimiminia bia mapajani. Mke wangu tukija kwako ananivalisha suruali mbovu." Alikohoa. "Tunajua sote. Jumapili moja ulimbusu mtunza mishumaa ukidhani ni sanamu ya mtakatifu."

Wanaume wawili walicheka, wakajizuia.

"Na shamba?" Palaga aliuliza.

"Shamba gani? Lile la mawe? Langu mwenyewe limenishinda. Nilitaka kukulimia, nikaogopa utanitoa kwa uma wa samadi."

Palaga alishika ua kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandaa kwa dharau, hata kwa kung'olewa kigingi. Hili hakuwa amejiandaa kwalo.

"Kwa hiyo kijana aliificha siri ambayo kila mmoja hapa anaijua," alisema Vassil.

"Na mimi nikamfukuza kwa ajili yake," alisema Palaga.

Mzee Vassil alijinyanyua kwa shida, akaja mpaka kwenye ua. Alisema kwamba mavuno ya mwaka uliopita yalikuwa mazuri kuliko ya miaka mitano, kwa hiyo aliyelala siku sita kwenye rai ya Palaga hakuchukizwa, na kama yeye hakuchukizwa, wao ni nani. Adhabu imekwisha. Mwiteni mtoto arudi.

Siku iliyofuata Palaga alikwenda shuleni kwa kushikwa mkono na Nasto. Mwalimu aliyeitwa Leida, msichana mwenye sauti ndogo, aliandika: Rudi nyumbani, wanaume wamekusamehe, macho yangu unayajua, sitakufukuza.

Jibu lilichukua wiki tatu. Leida alilisoma kwanza kimya, na Palaga akasikia jinsi alivyovuta pumzi.

"Soma tu," alisema. "Mimi si yai."

Mitro aliandika kwamba amefurahi kusikia. Aliandika kwamba majira yote ya vuli alikuwa akingoja neno kutoka nyumbani, hata neno la kumgombeza, na mara mbili alifunga mzigo wake akaenda stesheni, akarudi, kwa sababu hakujua kama mlango utafunguliwa. Januari alioa. Msichana si wa Setomaa, anapika kwenye jiko la kiwanda, ni mtu mwema, na vuli hii watapata mtoto. Wamepewa chumba kimoja. Kuondoka sasa hawezi. Mama akitaka, aje, watajibana. Hakuwa na kinyongo, aliandika, na hilo alilirudia sehemu mbili.

Palaga alihesabu kichwani. Novemba alikuwa bado bwenini. Desemba alikuwa bado bwenini.

"Nisome tena?" aliuliza Leida.

"Hapana. Chukua karatasi. Andika: barua imefika. Ng'ombe amezaa jike. Ostap amelima shamba la chini, hakuniomba ruhusa, nami sikumkataza."

Kalamu ilikwaruza. "Ndiyo."

"Andika: mkeo nimemsikia, apumzike, asibebe maji. Andika: siji. Huko kila kitu nitakigonga kwa kichwa kwanza ndiyo nikijue, na chumba ni kimoja."

"Ndiyo."

Leida alichovya kalamu tena, akangoja. Nje watoto walikuwa wakifukuzana kuzunguka kisima.

"Andika: nilikosea mimi. Mara mbili. Msumari, na majira ya baridi."

"Atauelewa huo mstari?"

"Ataelewa."

Leida aliandika. Kisha akasema kwa sauti yake ndogo, "Nimwekee na maneno ya kumpoza, mama? Kwamba unamkumbuka, unampenda?"

"Akiyaona hayo atadhani nimekufa na wewe ndiye unayeandika. Acha kama ilivyo. Jina nitaweka mwenyewe."

Leida alisogeza karatasi, akampa kalamu. Palaga aliishika juu ya meza, juu ya weupe usio na mwanzo wala mwisho, akasubiri kidogo kuona kama ukingo wowote utajitokeza.

"Nionyeshe mahali," alisema.

Leida aliushika mkono wake, akaushusha mpaka kwenye karatasi.